Gari inagonga: kabla hujakubali injini ishushwe, jua kwanza kinachogonga ni nini

Carina Ti ya mwaka 98, injini 5A, inagonga. Fundi wa kwanza kasikiliza kidogo akasema hayo mafuta mabaya, hama sheli. Wa pili kasema tapeti, vile vidude vya juu vinavyosukuma valvu. Wa tatu boneti lenyewe hajalifungua vizuri ameshasema konrodi imelegea, andaa hela tushushe injini. Shemeji naye yuko pembeni anasema weka oili nzito uendelee na maisha. Mwenye gari kabaki anatazama tu, maana kati ya ushauri wa bure na ushauri wa laki tisa hajui aende na upi.

Sasa cha kuchekesha ni kwamba wote wanne hakuna anayeongea upuuzi. Kila mmoja anaongelea ugonjwa ambao kweli upo, ila ni magonjwa tofauti, na sisi yote tunayaita "gari inagonga" au "inanoki". Kuna kugonga kunakoisha kwa kulegeza nati moja ukageuza distributa (kile kigawa umeme wa plagi) kidogo. Kuna kugonga kwingine ambako ukisema ngoja nifike kwanza Morogoro ndo nitengeneze, konrodi inakatika njiani na kutoboa bloku, yaani mwili wa injini, hapo injini hata kwa fundi vyuma chakavu ni ya kupima kwa kilo.

Tuanze na vitu vyenyewe, kwa kifupi. Pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda. Konrodi ni mkono unaoishika pistoni kwa juu na kranki kwa chini. Kranki inageuza ule mpando na mshuko kuwa mzunguko, ndo unaofika kwenye gia na magurudumu. Pale konrodi inaposhika kranki kuna beringi, na usifikirie za gololi kama za kwenye tairi, hizi ni vipande viwili vya chuma chembamba vilivyopindwa nusu duara, vimepakwa madini laini upande wa ndani. Zile zinazoshika kranki kwenye bloku ndo mafundi wanaziita mein. Katikati ya beringi na kranki kuna nafasi ya oili, na hiyo nafasi ni ndogo mno, kwenye injini nyingi ndogo za Toyota ni kama milimita 0.02 hadi 0.05, yaani unywele wako haupiti. Kranki inaelea juu ya utando wa oili humo, chuma na chuma havigusani kabisa mambo yakiwa sawa.

Ukishashika hayo, kugonga kote unaweza ukakugawa mafungu matatu: kunakotokana na moto ndani ya silinda, kunakotokana na chuma kulika, na kelele za vitu vya pembeni ambazo zinajifanya injini.

Kugonga kwa moto

Plagi inatoa cheche kabla pistoni haijafika juu kabisa. Inawahi kidogo makusudi, kwa sababu moto unahitaji muda kusambaa. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika kila silinda inawaka mara 25 kwa sekunde, kwahiyo huo muda ni mdogo sana ila upo. Moto unaanzia kwenye plagi unatembea kuelekea pembeni, na wakati unatembea, mchanganyiko wa hewa na petroli ambao haujafikiwa bado unabanwa na kupata joto. Ukizidi joto na kubanwa, ule uliobaki pembeni haungoji moto ufike, unajilipukia wenyewe kwa mkupuo. Mawimbi ya ule mlipuko yanapiga kuta za silinda na kichwa cha pistoni, ndo hiyo sauti unaisikia, nyembamba, kali, chri-chri-chri.

Namna ya kuijua ni rahisi, angalia inakuja saa ngapi. Inakuja gari ikiwa na mzigo. Umejaza watu, unapanda mlima Kitonga, uko gia ya juu na spidi imeshuka lakini wewe hutaki kupunguza gia, unakanyaga mafuta tu. Ukiachia pedali inapotea papo hapo. Injini ikiwa ya moto inazidi, asubuhi ya baridi haipo. Na gari ikiwa imesimama silensa, inaunguruma tu bila kukanyagwa, kwa kawaida huisikii kabisa. Kwahiyo kama gari yako inagonga imepaki nyumbani, ile hadithi ya mafuta mabaya iweke pembeni kwanza.

Hapa ndo habari ya oktani inapoingia, na ndo panapochanganya watu kuliko pote. Oktani ni kipimo cha petroli kuvumilia kubanwa bila kujilipukia, basi. Sio kipimo cha nguvu, sio kipimo cha usafi. Kuweka petroli ya oktani kubwa kwenye injini isiyoihitaji hakuongezi spidi. Kwenye magari haya ya Japani petroli ya kawaida ya kule inatakiwa iwe na RON, yaani namba ya oktani, 89 kwenda juu, na ile ya daraja la juu RON 96 kwenda juu, na Corolla, Carina, Starlet na wenzao wengi wa familia walitengenezwa wanywe ile ya kawaida. Kwahiyo injini ya namna hiyo ikianza kugonga kwa petroli halali ya sheli, ujue kuna kitu kwenye injini kimebadilika.

Zamani dawa ilikuwa risasi. Mwaka 1921 Thomas Midgley akiwa maabara ya General Motors huko Marekani aligundua kwamba ukichanganya kemikali yenye risasi kwenye petroli kugonga kunaisha, na dunia nzima ikaichoma hiyo sumu miaka na miaka ikaingia kwenye mapafu na ubongo wa watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilimaliza kuiondoa mwanzoni mwa 2006, ya mwisho duniani ilikuwa Algeria mwaka 2021. Siku hizi oktani inapandishwa kwa njia nyingine, kwahiyo mzee akikwambia petroli ya siku hizi haina nguvu kwa sababu haina risasi, mwitikie tu uendelee na safari.

Ila mafuta kuchakachuliwa ni jambo la kweli, halikuwa porojo. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, watu wakawa wanayachanganya na petroli na dizeli, na mafuta ya taa oktani yake iko chini kabisa, ukiyatia kwenye petroli lazima injini iimbe. Ndo maana EWURA, wasimamizi wa nishati Tanzania, wakaleta vinasaba, yaani kemikali ya kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Kenya nao mwaka 2018 wakaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita kwa sababu hiyohiyo. Kwahiyo ukijaza sheli fulani na gari ikaanza chri-chri siku hiyohiyo, na haikuwa nayo jana, hapo una haki ya kushuku mafuta. Ila kama ina miezi inagonga na umeshapita sheli zote za mji, tatizo unalo wewe.

Sasa kwenye gari ya zamani kinachobadilika ni nini? Cha kwanza, na naona ndo kinachosahaulika kuliko vyote, ni timing. Injini kama 5A yenye distributa, muda wa cheche unawekwa kwa kugeuza ile distributa kwa mkono. Utaratibu wa Toyota ni kwamba unafungua kile kiboksi kidogo chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS, unaunganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, injini ikiwa ya moto na iko silensa, halafu unamulika puli kwa taa ya timing unaiweka nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu. Ule waya ndo unaoiambia kompyuta itulie isijirekebishe yenyewe. Usipouweka, kompyuta inakuwa inaongeza nyuzi zake, wewe unasoma namba ya uongo. Sasa nenda gereji za mtaani uone wangapi wanaweka huo waya. Wengi wanageuza distributa kwa sikio, wanaivuta mbele mpaka gari iwe nyepesi, inaruka ukigusa pedali, mteja anafurahi analipa anaondoka. Wiki mbili baadaye anarudi anasema gari inagonga mlimani. Si cheche inawahi mno! Kurudisha ni kulegeza boliti na dakika kumi.

Cha pili ni joto. Kuna hii tabia ya kutoa themostati kwa hoja kwamba nchi yetu ya joto. Kwenye Toyota nyingi themostati kazi yake sio kuzuia maji peke yake, ikifunguka inaziba pia njia ya pembeni inayopitisha maji bila kwenda kwenye rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka tu humohumo bila kupoa, na ukipanda mlima umebeba mzigo gari inachemka kuliko ilivyokuwa nayo. Ongeza na maji ya bomba yaliyojaza magamba ndani kwa miaka, hapo silinda ziko na joto ambalo petroli haiwezi kuvumilia.

Tatu ni masizi. Injini iliyokula ringi (zile pete za pistoni) au sili za valvu, vijilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi, inapandisha oili kwenye chumba cha moto, oili inaungua inaacha masizi juu ya pistoni, masizi yanapunguza nafasi kwahiyo mgandamizo unapanda, na yale magumu yanabaki na joto yanakuwa kama plagi ya pili isiyo na ratiba. Halafu oili yenyewe ikichanganyika na petroli inashusha oktani. Ndo maana gari inayotoa moshi wa bluu na gari inayogonga mlimani mara nyingi ni gari moja. Plagi zisizo namba yake, nozeli, yaani vinyunyizi vya petroli, zilizoziba zikaleta petroli kidogo hewa nyingi, nazo zimo kwenye orodha.

Jaribio la bei nafuu: tanki likiwa linakaribia kwisha jaza petroli ya oktani ya juu kama mji wako inapatikana, panda mlima uleule na mzigo uleule. Sauti ikipotea, umethibitisha ni moto. Hujaitibu, umeijua tu. Na usiseme basi nitakuwa najaza hiyo maisha yangu yote, kwa sababu ile milipuko kila siku inavunja kingo za ringi, inachoma gasketi ya silinda hedi, na inapiga beringi za konrodi kutokea juu. Kugonga kwa moto ukikuachia sana kunazaa kugonga kwa chuma.

Kugonga kwa chuma

Huku ndo kwenye hela. Beringi ya konrodi ikilika, ile nafasi ya milimita 0.05 inakuwa 0.1, inakuwa 0.2, oili inakimbia pembeni badala ya kukaa, na kila pistoni inapopigwa chini na moto konrodi inabamiza kranki. Ni jembe lililolegea mpini: likianza kucheza kidogo tu, kila pigo unalolima linaongeza kucheza, haliwezi kujibana lenyewe, na ukilazimisha umalize shamba nalo linachomoka. Kwahiyo mtu akikuuliza "naweza kuendesha hivihivi hadi mwisho wa mwezi?" jibu la konrodi ni hapana, hata kama sauti bado ndogo.

Sauti yake ni nzito, ko-ko-ko, inatoka chini, inafuata mzunguko wa injini, ukipiga resi inaharakisha. Mahali inapojitangaza zaidi ni pale unapopiga resi taratibu hadi kama 2,500 halafu unaachia ghafla, wakati mzunguko unashuka unasikia ko-ko-ko-ko kisha inapungua. Na tofauti na ile ya moto, hii oili ikipata joto na kuwa nyepesi inazidi, hata gari ikiwa imesimama unaisikia.

Kupata silinda gani, zima moja moja. Injini ikiwa silensa chomoa waya wa plagi ya kwanza, kwa koleo lenye mpira maana ule umeme haukuui kirahisi ila utakurusha, kisha rudisha, nenda ya pili. Kwenye gari zenye koili juu ya kila plagi afadhali uchomoe soketi ya nozeli, petroli isiingie bila kuungua ikaosha oili kwenye silinda na kuharibu mtungi wa ekzosi unaosafisha moshi. Silinda ambayo ukiizima ko-ko inapungua au kupotea, hiyo ndiyo, kwa sababu hakuna tena moto wa kuibamiza konrodi yake. Ukizima zote moja moja na sauti haibadiliki hata kidogo, simama hapohapo, punguza kasi ya kumlaumu konrodi.

Halafu presha ya oili. Hili ndo jambo ambalo ningemwambia kila mwenye gari kuukuu alidai kabla ya kukubali chochote: ipimwe kwa geji. Unatoa ile swichi ya taa ya oili kwenye bloku, unafunga geji pale, unawasha mpaka injini ipate moto kabisa. Kanuni ya mafundi ya kukadiria ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, kwahiyo kwenye 3,000 utegemee kama 30 au zaidi. Presha ikiwa nzuri na injini ya moto, uwezekano wa beringi zote kuwa zimekwisha ni mdogo. Ikiwa chini, ama beringi zinavujisha, ama pampu imechoka, ama ule mchujo ndani ya sampu, lile beseni la oili chini ya injini, umezibwa na tope la oili ya miaka. Hiyo geji sio kitu cha bei mbaya, na gereji isiyo nayo lakini iko tayari kushusha injini yako, mimi ningehamisha gari.

Na taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi watu wanaielewa vibaya sana. Haipimi kiasi cha oili. Inawaka presha ikishaanguka karibu na sifuri, yaani inakupa taarifa ya msiba. Injini inaweza kukosa lita nzima, ambayo ndo kama tofauti ya alama mbili kwenye stiki ya kupimia oili, na taa isiwake, isipokuwa kwenye kona kali oili inapokimbilia upande mmoja wa sampu inapepesa kidogo halafu inazima. Ukiona kupepesa huko kwenye raundi abauti usijiambie ni waya. Gari inayokula oili angalia stiki kila ukijaza mafuta, usingoje sevisi.

Kingine cha kutazama ni oili yenyewe na filta. Mwaga oili kwenye beseni safi, izungushe juani. Kukiwa na vumbi linalometameta rangi ya fedha au shaba ambalo sumaku hailikamati, hayo ni madini ya beringi. Pasua filta kwa msumeno, toa ile karatasi uikunjue, hapo ushahidi unaonekana kwa macho, fundi hana haja ya kukuapia.

Chuma kina sauti nyingine lakini ambazo hazitishi hivyo. Pistoni iliyolegea kwenye silinda inapiga ta-ta-ta asubuhi injini ikiwa baridi, ikipata joto pistoni inatanuka kidogo sauti inakwisha, watu wanaendesha gari za hivyo miaka, unachofanya ni kutokanyaga sana dakika za mwanzo na kuchunga oili. Pini ya pistoni inapiga mara mbili mbili, ta-tak, ta-tak. Mein inatoa mshindo mzito zaidi, du-du-du, hasa gari ikivuta mzigo, na kuzima silinda moja hakuibadilishi sana.

Tapeti zinalia tik-tik-tik nyembamba kutoka juu, mzunguko wake ni nusu ya ule wa kranki, kwahiyo sikio linaona kama iko polepole kuliko konrodi. Kwenye 1NZ ya IST na Vitz, nafasi ya valvu za kuingiza ni milimita 0.15 hadi 0.25 na za kutoa 0.25 hadi 0.35 injini ikiwa ya baridi. Zinapimwa kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, baada ya kufungua kava la juu. Na hapa kuna kitu wengi hawakijui: tapeti inayolia kidogo haina shida kubwa, ya kuogopa ni iliyobana ikanyamaza, kwa sababu valvu isiyofunga vizuri inaungua kichwa chake kimyakimya. Fundi aliyekunyamazishia tapeti zote kabisa usimpongeze haraka.

Kelele za pembeni

Hili fungu ndo limeua injini nzima kwa makosa, au tuseme limefanya injini nzima zifunguliwe bila sababu. Gari ya otomatiki ile sahani inayounganisha kranki na gia boksi ikipata ufa, inatoa ko-ko-ko ambayo inafanana kabisa na konrodi. Boliti zake zikilegea vivyo hivyo. Puli ya kranki ile yenye mpira katikati ikiachana inagonga. Kompresa ya AC, beringi ya alteneta, pampu ya maji, manifoldi ya ekzosi iliyopasuka ambayo inapiga tik-tik asubuhi ikipoa kisha inanyamaza ikitanuka, bati la kukinga joto, mautingi (mpira unaoshikilia injini) iliyokatika inayogonga ukiingiza gia ya D.

Toa mikanda ya nje, washa injini kwa muda mfupi sana, nusu dakika inatosha, usizidishe maana kwenye injini nyingi pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo. Kelele ikipotea, umeokoa laki zako, ni kitu cha kwenye mkanda. Kama ipo, chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwenye bloku, mpini kwenye sikio, mikono na nguo mbali na feni. Sogea toka kava la tapeti, shuka pembeni ya bloku, malizia kwenye sampu na pale injini inapoungana na gia boksi. Inapokuwa kubwa zaidi ndo kwenyewe. Inashangaza jinsi hiki kitendo cha bure kinavyorukwa.

Imethibitika ni konrodi, sasa?

Kwanza zima. Ivutwe. Ukiiwahi kabla kranki haijaumia unaweza ukatengeneza kwa hela ndogo, ukiiendesha mpaka gereji ya mbali umebadilisha bei.

Kwenye injini nyingi ndogo sampu inafunguka bila kushusha injini. Kofia ya konrodi inatolewa, beringi inaangaliwa, kisha ile sehemu ya kranki inapitishwa ukucha. Ukucha ukikwama kwenye mchirizi, usikubali beringi mpya ziwekwe hapo juu kwa juu, kranki lazima itoke ipelekwe kwa watu wa mashine ikapimwe kwa maikromita pande kadhaa kama imekuwa yai, ichongwe, halafu zinunuliwe beringi za saizi inayoendana na ilivyochongwa, za milimita 0.25 au za 0.50. Beringi ya kawaida kwenye kranki iliyochongwa, au kinyume chake, ni injini itakayokufa ndani ya wiki.

Vitu vya kumsimamia fundi hapo, hata kama ataona unajifanya mjuaji: kila kofia irudi kwenye konrodi yake na upande wake, hazibadilishani, zilichongwa pamoja. Nafasi ya oili ipimwe kwa plastigeji, ule uzi laini unaowekwa juu ya kranki, unabanwa kisha unasomwa upana wake. Boliti zikazwe kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, sio kwa "nimezoea mkono". Na matundu ya oili ndani ya kranki yaoshwe yapulizwe, sampu na mchujo wake visafishwe, pampu ikaguliwe, maana ule unga wa beringi ya zamani ukibaki humo ndani ndo utakaokula beringi mpya. Oveholi nyingi zinazorudi baada ya mwezi zimerudi kwa sababu ya uchafu, sio kwa sababu spea ilikuwa feki, ingawa spea feki nazo zimejaa.

Utasikia pia wanaoweka karatasi ya fedha ya sigara nyuma ya beringi ili ibane. Kelele inapotea kweli. Ila beringi inakosa kukaa sawasawa kwenye kiti chake, joto halitoki, na siku beringi ikizunguka kwenye kiti inaziba tundu la oili. Hiyo ni mbinu ya mtu anayetaka kuuza gari jioni. Oili nzito na dawa za chupa ziko kundi hilohilo kwa upande huu, zinafunika sauti. Oili namba 40 au 20W-50 kwenye injini iliyochoka yenye tapeti tu inaweza kukusogeza, sikatai, lakini konrodi iliyolegea hairudishwi na unene wa oili, na injini mpya zaidi kama 1NZ zilizoundwa kwa 5W-30 asubuhi zinachelewa kupata oili nzito huko juu.

Wenye dizeli msiogope kila mlio, dizeli kwa maumbile yake inawaka kwa kubanwa kwahiyo inagonga kidogo kila siku. Nozeli moja ikichoka inagonga kama konrodi, na kwenye zile za zamani kama 3L na 5L za Hiace fundi analegeza nati ya bomba la nozeli moja moja asikie. Kwenye dizeli za kisasa zenye reli ya pamoja asijaribu huo mchezo hata siku moja, presha ya mle inapita ba 1,000, dizeli inatoboa ngozi na kuingia mwilini. Huko tumia mashine ya kompyuta.

Mwisho kuna njia ya kununua injini ya used, Gerezani pale au Kirinyaga Road kwa wa Nairobi, na kwa gari hizi za kawaida mara nyingi hesabu inaangukia huko, kwa sababu kuchonga kranki, beringi, gasketi, ringi na ufundi vikijumlishwa vinakaribia bei ya injini kamili. Mimi sina ugomvi nayo. Ila nayo ni injini ya mtu, ina umri wake. Omba ipimwe kompresheni kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha kuwekea oili umulike uone kama kuna tope jeusi, vua plagi uzitazame, toa boliti ya sampu uone kinachotoka. Ikishafungwa, geji ya presha tena, kwenye injini ya moto. Muuzaji akupe risiti yenye namba ya injini, kwa sababu namba iliyoko kwenye kadi ya gari ni ya ile ya zamani na lazima ubadilishe taarifa kwenye usajili wa gari, TRA, au NTSA kama uko Kenya. Watu wanaliacha hilo, halafu siku ya kuuza gari mnunuzi analinganisha namba na kadi, biashara inakufa pale pale.